Nzuri Tu, Ila

"Binti, tasnifu si duka la bidhaa mchanganyiko."

Ndivyo alivyoniambia mwenyekiti wa jopo, mwalimu wa sheria mwenye mvi, siku nilipopeleka wazo la utafiti wangu kwa mara ya kwanza. Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, maana sikutaka waone nilivyoumia. Lakini moyoni nilikuwa nafoka, kwa sababu hakujua anamwambia nani maneno hayo. Mimi nimekulia kwenye duka la bidhaa mchanganyiko, hapo Katesh, nyuma ya kaunta ya baba yangu, katikati ya gunia la magadi na marobota ya mashuka ya Wabarabaig. Kwetu misumari ilikaa jirani na sabuni, dawa ya kupe ilikaa juu ya madaftari, na sijawahi kumsikia mteja akilalamika kwamba vitu hivyo havihusiani. Mtu mmoja huyo huyo alivihitaji vyote, tena siku moja, na alivifunga kwenye kitambaa kimoja akaondoka navyo.

Sasa eti nichague. Udongo, au homa, au sheria. Kimoja tu, vingine nivitupe.

Thubutu!

Utafiti wangu haukuanzia chuoni, ulianzia kwenye kaunta ile. Baba hakuwahi kumuuzia mtu kitu kabla ya salamu kuisha. Mteja anaingia ametoka Dirma na jua lake lote kichwani, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi, baba hamuulizi anataka nini. Anamuuliza habari za nyumbani. Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za ng'ombe? Nzuri. Za njiani? Nzuri. Halafu baba ananyamaza. Anapanga pakiti za chumvi ambazo zimeshapangwa, anafuta mzani ambao hauna vumbi. Mteja naye ananyamaza, anatazama mashuka. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nakereka, naona kama wanapoteza muda. Kisha inatoka, taratibu, kwa sauti ya chini kuliko ile ya salamu: "Nzuri tu, ila..."

Ila mvua imekataa. Ila mzee ameanguka. Ila mtoto wa kaka yangu tumemzika juzi. Baada ya hiyo ila ndipo baba alipojua mtu amekuja kununua shuka la harusi au la msiba.

Wageni wakisikia hivyo husema watu wetu ni waongo. Si uongo. Kwetu habari mbaya haimwagwi usoni kwa mtu kama maji ya kuoshea vyombo. Kwanza unamhakikishia mwenzako kwamba bado umesimama, unaweza kujibu, hujapoteza adabu kwa sababu ya shida. Hata Kiswahili chenyewe kimetulea hivyo. Hujambo? Sijambo. Yaani sina jambo. Mtu jambo limemkaba koo, anasema hana jambo, anavuta pumzi, ndipo analisema. Anayeuliza anatakiwa awepo bado wakati pumzi hiyo inavutwa. Baba alikuwepo siku zote, na sidhani kama kuna mtu aliyemfundisha.

Nilipomaliza shahada ya kwanza nikarudi nyumbani bila kazi, kama wenzangu wengi. Lakini nilikuwa na kitu ambacho watafiti walikitafuta: Kiiraqw na Kibarabaig nilichookota dukani, na Kiswahili cha kuandikia. Wakawa wananichukua niwe mkalimani wao. Leo naenda na watu wa udongo, mwezi mwingine na madaktari, baadaye na wanasheria. Wenyewe hawakujuana hata kidogo. Kila timu ilikuja na gari lake na kofia zake, na kila moja ilidhani imegundua wilaya yetu ya Hanang.

Watu wa udongo walinipeleka Daudi, kule juu Mbulu, kwenye baridi. Tukafika kwa mzee mmoja mwenye shamba limelala kwenye mteremko, matuta yamepangwa vizuri hadi unatamani kuyapiga picha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuletea viti. Mtafiti akauliza udongo wake ukoje. "Mzuri sana," akasema mzee. "Baba yangu aliulima huu." Mtafiti akaandika, akachota udongo wake kwenye mifuko, akashukuru, akaondoka kwenda shamba la jirani. Mimi nilibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu. Mzee alikuwa bado anautazama ule mteremko. "Ila siku hizi hautoi," akaniambia. "Mahindi yanafika hapa kwenye goti, yanageuka njano." Nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule bwana. Akanishangaa kweli. "Baba yangu amelala pale," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Nianze na kumtukana?"

Wanasheria walinipeleka Gitting. Kulikuwa na mama mjane, mdogo wa marehemu mumewe alikuwa amejichukulia shamba. Mwanasheria wetu, dada wa mjini mcheshi sana, akamuuliza anaishije na ndugu wa marehemu. "Vizuri," akajibu yule mama. "Tunasalimiana vizuri kabisa." Kumbe hata baraza la ardhi lilipomwita, mzee wa baraza alianza hivyo hivyo, habari za huko nyumbani, mnaishije, na mama akajibu vizuri kwa sababu mzee mwenye heshima akikujulia hali huwezi kumjibu kwa kelele. Wakaandika kwamba familia ina amani. Tulikaa naye, tukanywa chai yake, tukamenya maharage yake mabichi. Vikombe vilipoisha ndipo akasema, "Ila shamba wanalima wao." Yule dada mwanasheria akajipiga kwenye paja. "Jamani! Hiyo ila yako ndiyo kesi yenyewe!" Tukacheka wote watatu, na yule mama alicheka zaidi yetu, akafuta macho na ncha ya kitenge.

Dirma ndiyo iliyonimaliza.

Madaktari walikuwa wanafuatilia homa inayotoka kwenye maziwa mabichi, ile ambayo ng'ombe wakiwa nayo wanatupa mimba, na binadamu anaipata pia. Walikuwa na vishikwambi, maswali yamo humo humo, ukibonyeza kutuma majibu hayarudi. Tukafika boma moja, mwanamke akatoka kutupokea, mshipi wa shanga kiunoni, mwenye boma yuko malishoni. Daktari akauliza, mimi nikatafsiri. Afya za hapa nyumbani? Nzuri. Mifugo? Mizima. Homa za mara kwa mara? Hapana, tupo vizuri. Daktari alikuwa kijana mwema, simsemi vibaya, alitoa na maji ya kunywa kwa watoto. Lakini jua lilikuwa linakwenda na maboma yalikuwa bado mengi. Akabonyeza. Tukaingia kwenye gari, injini ikawashwa. Yule mwanamke akaja mpaka dirishani upande wangu, akashika kioo kwa vidole viwili.

"Ila ng'ombe wametupa mimba," akasema kwa Kibarabaig. "Wote wale wa zizi la mbele. Na mimi yangu imetoka."

Nikamtafsiria daktari. Akatazama kishikwambi. Akasema, pole yake, kweli pole yake, lakini boma hili limeshatumwa. Nikamwambia alifungue. Akasema halifunguki. Nikamwambia basi ashuke chini aandike kwenye karatasi. Akanieleza, kwa upole, kwamba jibu la nje ya hojaji haliwezi kuhesabiwa. Nikashuka mimi. Sikuwa na dawa, sikuwa na mamlaka, nilishuka tu nikakaa naye kivulini mpaka dereva akapiga honi mara nyingi. Nilimwelekeza zahanati, nikamwandikia ugonjwa unavyoitwa ili awaonyeshe. Na sikupanda tena gari la timu ile baada ya safari hiyo.

Halafu ikaja zamu ya nyumbani kwetu.

Baba alikuwa na sukari, tulijua. Alikwenda kupimwa kila alipotakiwa, amevaa kofia yake na viatu vyake vya kufunga. Muuguzi anamuuliza, mzee unaendeleaje? "Alhamdulillahi, nzuri." Miguu? "Nzuri, namshukuru Mungu." Foleni ilikuwa ndefu, watu wanakohoa nyuma yake. Anaambiwa haya mzee, dawa zako hizi, mwingine. Hakuna aliyenyamaza kidogo. Ndani ya kile kiatu kulikuwa na kidonda ambacho hata sisi watoto wake hatukukijua, maana baba wa aina yake hamlilii mtoto. Wateja aliwasubiria ila zao maisha yake yote. Yake mwenyewe hakumpa mtu. Mama ndiye aliyesikia harufu, na wakati huo ilikuwa imeshafika pabaya, wakamkata mguu chini ya goti. Nilimkuta wodini ameegemea mto. Nikamwamkia, nikamuuliza hali. "Alhamdulillahi," akasema. "Nzuri tu."

Nikasubiri pale kitandani. Nilisubiri kama yeye alivyosubiri kwenye kaunta. Hakusema kitu.

Nilirudi chuoni nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikaandika wazo la tasnifu ya uzamili: jinsi watafiti na maofisa wanavyoikosa ila, kwenye udongo, kwenye hospitali na kwenye baraza. Sura moja Daudi, moja Dirma, moja Gitting. Nikaomba kurudi kwa watu wale wale na wengine kama wao, niwaulize maswali yale yale ya timu zile, kisha ninyamaze, nione kinachokuja.

Hapo ndipo niliposikia habari ya duka la bidhaa mchanganyiko.

Jopo lilikuwa la walimu watatu. Wa udongo alivua miwani yake akanitazama kwa huruma. "Udongo hausalimiwi, binti," akasema. Nikamjibu kwamba mwenye udongo anasalimiwa, na huyo ndiye anayejua huo udongo una nini. Hakupenda. Mwalimu wa tiba, mama mpole, alinifuata nje akanishika mkono. "Chukua ile ya homa peke yake. Nitakusimamia mwenyewe, utamaliza haraka. Hizo nyingine utaandika ukiwa profesa." Kwa kweli nilishawishika. Alikuwa ananitakia mema, na nilikuwa nimechoka. Mwenyekiti yeye hakuwa na upole wala nini. Kila niliporudisha andiko alinitumia neno lile lile: chagua.

Nilijaribu, nisidanganye. Nilikaa nikafuta sura mbili kwenye kompyuta, nikasoma iliyobaki. Dirma peke yake ilisomeka kama habari ya wafugaji wasiojua kujieleza. Nikarudisha, nikafuta nyingine. Gitting peke yake ilisomeka kama habari ya wajane waoga. Daudi peke yake, mzee mkaidi na baba yake. Kila moja ikikaa peke yake, kosa linakuwa la yule aliyeulizwa. Zikikaa zote tatu pamoja, mtu anaona kwamba mzee wa Daudi si mkaidi, mama wa Gitting si mwoga, na mwanamke wa Dirma alijieleza vizuri tu, tena mpaka dirishani. Ni sisi tunaouliza ndio tunaofunga mdomo wa mtu kabla hajamaliza. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Ningechagua moja ningekuwa nimeungana na waliobonyeza kutuma.

Basi nikarudisha zote. Nikazipeleka.

Chuo wakaniandikia kwamba nitakuja kujitetea mara ya mwisho. Nikikataliwa safari hii nafutwa kwenye programu, narudi nyumbani mikono mitupu. Kaka yangu akasema kwenye simu kwamba si mbaya, duka linamhitaji mtu, baba hawezi kusimama. Nikamwambia duka nalipenda, lakini sirudi huko kwa kufukuzwa. Akanicheka, akasema mimi tangu mdogo nilikuwa na kichwa cha nyumbu. Nikamwambia asante.

Siku ile nilivaa kitenge changu kizuri, nikafika mapema, nikaweka maandishi yangu mezani. Mwalimu wa udongo akaja, mama wa tiba akaja. Mwenyekiti hakuja. Tukangoja. Huyu mwenyekiti, sijasema bado, alikuwa mtu wa huko huko kwetu. Alizaliwa Daudi, kama nilivyojua baadaye, akaondoka kwenda shule akiwa mdogo. Hakuwahi kuniambia, lakini nilimsikia kwenye matamshi, na siku moja alipozungumza na mtu kwa simu kwa Kiiraqw akidhani yuko peke yake kwenye korido.

Alipoingia alikuwa na haraka, koti limekaa upande. Akaweka mkoba, akasema samahani kwa kuchelewa, tuanze. Nikasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, nzuri tu. Haya, tuanze."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa nayo kichwani yamepangwa yote, ya udongo, ya sheria, ya tiba, na hata jibu la lile duka lake nilikuwa nalo. Lakini sikuanza. Sijui kama nilikusudia au ni malezi tu. Nilisimama pale, nikanyamaza, nikamtazama. Katibu alikuwa ameshafungua projekta. Mwalimu wa udongo akatazama saa. Mwenyekiti akafungua mkoba, akatoa kalamu, akairudisha. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakutegemea.

"Ila mama yangu," akasema. Akakohoa. "Mama yuko Daudi. Nilikuwa kwenye simu na mdogo wangu sasa hivi. Tangu juzi hatambui mtu. Nimempigia nikamwambia mimi ni nani, akaniuliza, wewe ni wa kwa nani?"

Mama wa tiba akasema pole, mwenyekiti, pole sana. Katibu akazima projekta. Nikamwambia pole kwa Kiiraqw, na yeye akaipokea kwa Kiiraqw, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akajifuta uso na kiganja. Kisha nikamwona amegutuka. Akayatazama maandishi yangu pale mezani, akanitazama mimi, akayatazama tena. Alikuwa ameyasoma, kwa hilo alikuwa mtu wa haki, alisoma kila ukurasa. Alijua sura ya kwanza imeanzia wapi.

"Wewe binti," akasema. "Usije ukaiandika hiyo kwenye tasnifu yako."

"Siiandiki, mwalimu," nikasema. "Ila sura haitoki hata moja."

Mama wa tiba akaziba mdomo kwa mkono. Mwenyekiti hakucheka, lakini bega lake moja lilitikisika. "Kaa chini," akasema. "Washa hiyo mashine. Tuanze na ya Daudi, na usidhani nimelainika." Na kweli hakulainika. Alinihoji hadi nikaloa jasho mgongoni, akanipa marekebisho ya kunikosesha usingizi. Lakini neno chagua halikutoka tena mdomoni mwake, na waliponiita kunipa uamuzi, sura zilikuwa tatu. Baadaye sana nilimwomba ruhusa ya kuyaeleza haya nje ya tasnifu. Akasema nieleze, mradi nisimtaje jina.

Siku ile ya uamuzi nilitoka nje nikampigia baba. Nilijua yuko dukani, kwenye kigoda walichomwekea nyuma ya kaunta, simu ameiweka mbali na sikio kama kawaida yake.

"Wamekubali, baba. Zote tatu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, mwanangu."

"Na wewe, habari za leo?"

"Nzuri. Nzuri tu."

Nikanyamaza. Nilisikia nyuma yake mteja anauliza bei ya betri, kaka yangu anamjibu. Nikasikia pakiti za chumvi zinasogezwa. Sikuuliza habari mara ya pili, sikusema kwa heri. Nilisimama pale na simu yangu na watu wakinipita.

"Ila huu mguu," akasema baba.

"Upi?"

"Ule waliokata. Unaniuma vidole. Tangu siku ile unaniuma vidole, mwanangu, na vidole sina. Nitamwambia nani kitu kama hicho?"

Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi, na kitenge changu kizuri.

"Niambie mimi, baba," nikasema. "Kidole gani kinaanza?"